Bustani ya Shule: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Ardhi yetu ya hapa Akheri, chini ya Mlima Meru, haituachii kisingizio. Udongo ni wa volkano, mweusi, wenye rutuba. Masika inakuja, vuli inakuja, na mifereji inashuka kutoka mlimani. Hapo chini Tengeru wapo watafiti wa mboga wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, na kipo kituo cha kimataifa cha mboga ambacho wengi bado tunakiita AVRDC. Siku za gulio la Tengeru mboga hupangwa mpaka kando ya barabara. Kwa hiyo mtoto wa shule ya hapa akiumia bustanini, au akila makande matupu huku mchicha wa shule ukipakiwa kwenye pikipiki, tusilaumu ardhi wala mvua. Tujilaumu sisi watu wazima.

Nawaandikia walimu wa Elimu ya Kujitegemea (EK), wakuu wa shule, wazazi walio kwenye kamati, na wapishi. Kulima mnajua, wengi mmekulia kwenye migomba na kahawa. Ninachotaka ni mwache kurudia madhara ambayo kila mmoja wenu anajua namna ya kuyazuia. Bustani ya shule ipo kwa ajili ya tumbo la mtoto na akili yake. Ikiacha kuvihudumia hivyo viwili, ifungeni.

## Mahali na mazao: fanya

Weka bustani juu ya choo, kamwe si chini yake. Huku ni mteremko. Mvua ya Aprili huteremsha kila kilicho juu, na mayai ya minyoo hushuka pamoja na maji. Kama shule haina nafasi nyingine ila chini ya choo, panda kwenye viroba karibu na jiko.

Watu wazima wachimbe mara ya kwanza. Viwanja vya shule vimepitia mengi: darasa lilibomolewa hapa, taka zilichomwa pale. Misumari, vioo, nyembe na betri za redio hujitokeza jembe likizama kidogo tu. Mtoto asiingie mpaka mtu mzima awe amepita na reki, akaokota, akapita tena.

Tengeneza masesa yenye upana usiozidi mita moja, yakikingama na mteremko. Mtoto wa darasa la kwanza afikie katikati bila kukanyaga udongo. Sesa linalofuata mteremko huondoka na mvua, na mbegu zenu huishia kwenye shamba la jirani.

Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kufunga shule. Hili walimu hulisahau kila mwaka. Mchicha wa kung'oa huwa tayari ndani ya wiki tatu mpaka nne. Majani ya kunde ni vivyo hivyo. Mnavu uliopandikizwa huanza kuvunwa wiki ya nne mpaka ya sita. Karoti zinataka kama miezi mitatu. Ukipanda karoti mwishoni mwa Septemba, zitakomaa watoto wakiwa nyumbani, na watakaozila si wale waliozipalilia. Chukua kalenda ya shule, weka alama Juni na Desemba, ndipo uende kununua mbegu.

Panda mboga ambazo mama zao wanajua kuzipika. Mnavu, mchicha, loshuu, kunde, matembele, ngogwe. Zimezoea udongo huu, hazidai dawa kila wiki, na mtoto akizipeleka nyumbani hakuna atakayeuliza ni kitu gani. Mbegu bora za mboga hizi zinapatikana Tengeru. Hakuna sababu ya kununua pakiti iliyokaa juani dukani tangu mwaka juzi.

## Mahali na mazao: usifanye

Usipande nyanya shuleni. Najua mtanikasirikia. Nyanya zina bei, na kila mwalimu wa mradi anaota madebe ya nyanya. Lakini kuanzia Juni mpaka Agosti upande huu wa mlima ni baridi, mawingu na manyunyu, na ukungu unamaliza shamba zima kwa siku chache. Halafu kuna kantangaze, mdudu aliyeingia Tanzania mwaka 2014 na kuwafanya wakulima wapulizie dawa juu ya dawa. Hata Tengeru 97, mbegu nzuri iliyotoka hapa hapa, haiwezi kukuokoa na hayo mawili. Shule inayopanda nyanya hujikuta imenunua bomba la kupulizia kabla ya ua la kwanza kufunguka, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Usianze na robo ekari. Anza na masesa sita. Bustani kubwa huwageuza watoto kuwa vibarua wa palizi. Bustani ndogo huwaacha wabaki wanafunzi. Na mseme kweli mbele ya wazazi: masesa sita hayalishi shule nzima kila siku. Yanalisha darasa moja moja kwa zamu, mkianza na awali.

Usiache mnanaha uote. Unaota wenyewe kwenye udongo wenye samadi, na ukiwa mchanga mtoto anaweza kuudhani mnavu. Majani yake ni sumu, mbegu zake ni sumu zaidi. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, mamia ya watu waliugua na kadhaa wakafa kwa kula unga wa lishe uliokuwa na sumu za aina inayopatikana kwenye mnanaha. Uoneshe kwa watoto, wasiuguse, ung'oe wewe mwenyewe, na usiutupe kwenye mboji.

## Dawa za wadudu: usifanye

Hapa ndipo nina hasira zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Usipulizie sumu yoyote kwenye bustani ya shule. Hakuna kipimo kidogo, hakuna "mara moja tu." Mwili wa mtoto ni mdogo, kiasi kinachompa mtu mzima kizunguzungu kinaweza kumlaza mtoto hospitali. Watoto hushika kila kitu na kutia vidole mdomoni. Isitoshe, mboga za majani huvunwa kila baada ya siku chache, na lebo nyingi za dawa zinadai wiki moja, mbili au zaidi kati ya kupulizia na kuvuna. Nani atamzuia mpishi wa Alhamisi kuchuma mboga iliyopuliziwa Jumatatu? Hakuna. Nimeona hivyo vibao vya "usivune" vikiangushwa na upepo usiku wa kwanza.

Usimvike mwanafunzi bomba la mgongoni. Si wa darasa la saba, si wa kidato cha nne. Bomba la lita 16 likivuja, huvuja mgongoni, na sumu nyingi hupenya kwenye ngozi kabla ya kufika puani. Sweta la shule halikingi. Linafyonza dawa na kuibana kwenye mwili mpaka mtoto afike nyumbani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi yenye madhara. Kupiga dawa ni kazi yenye madhara, hata mwalimu akiiita mafunzo kwa vitendo.

Usiichukue lebo ya kijani kama ruhusa. Utepe mwekundu chini ya lebo unaonya kuhusu sumu kali kabisa, kisha njano, kisha bluu, kisha kijani. Kijani maana yake ni sumu iliyo nyepesi kuliko zile nyingine. Bado ni sumu. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iko Ngaramtoni, mwendo wa daladala kutoka hapa. Waulizeni wao. Msimuulize muuzaji wa duka la pembejeo anayetaka kumaliza stoku.

Usihifadhi dawa shuleni. Si kwenye stoo ya chakula, si ofisini, si chini ya kitanda cha mlinzi. Tarehe 16 Julai 2013, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Saran, jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana shuleni kwao. Sumu ilikuwa monokrotofosi, dawa ya kuulia wadudu wa mimea, na ilikutwa kwenye mafuta ya kupikia. Iliripotiwa kwamba mpishi aliyatilia shaka mafuta hayo akaambiwa aendelee kupika. Soma tena sentensi hiyo. Kisha nenda kaangalie stoo yako leo, na mpishi akikuambia kitu kinanuka, zima moto.

Usitumie tena chupa, dumu wala mfuko uliobeba dawa. Haujawahi kuoshwa ukasafika, hata kwa maji ya moto na mchanga. Chupa ya dawa ikigeuzwa kuwa ya kunywea maji, mtoto hana namna ya kujua. Na mfuko wa mbolea ya chumvichumvi si kikapu cha kubebea mboga.

Usichemshe tumbaku, usitwange utupa. Kuna wanaokataa dawa za dukani kisha wakawapa watoto ndoo ya maji ya tumbaku wanyunyize kwa mikono. Nikotini hupita kwenye ngozi na ni sumu kali. Utupa ndio ule wanaoutumia watu kuulia samaki mtoni. Kuota porini hakuufanyi uwe salama kwa mikono ya mtoto.

Usiwape watoto mbegu zilizopakwa dawa. Utazitambua kwa rangi ya waridi, kijani au bluu. Mbegu za namna hiyo mtu mzima azipande kwa glavu, au zisinunuliwe kabisa.

## Dawa za wadudu: fanya

Wape watoto kazi ya kuokota wadudu asubuhi. Viwavi hukaa chini ya jani. Watoto watatu kwa kila sesa, dakika kumi, kopo lenye maji ya sabuni. Humo mna somo la sayansi bila kulipia kitabu: yai, kiwavi, pupa, kipepeo.

Tumia maji ya sabuni ya mche dhidi ya vidukari. Kipande kidogo kwenye ndoo, unyunyize upande wa chini wa jani, kisha usuuze kabla ya kuvuna. Majivu ya jikoni nayo yanasaidia kwenye miche michanga.

Zungusha mazao. Palipokuwa na loshuu pakae kunde, palipokuwa na mnavu pasikae ngogwe, maana hao ni ndugu na wanagawana magonjwa. Mmea uliougua ung'oe siku hiyo hiyo. Watoto watasikitika, waeleze sababu, watakuelewa.

Zungumza na jirani anayelima nyanya. Kiwanja cha shule kikipakana na shamba la mtu, mkuu wa shule aende kwa heshima akaombe: apige dawa siku watoto hawapo, na asioshee bomba lake kwenye mfereji unaokuja shuleni. Akipiga dawa asubuhi watoto wakiwa uwanjani, waingize madarasani na ufunge madirisha ya upande huo. Usione haya kwa kuwa ni mzee wa ukoo.

Jua la kufanya mtoto akiguswa na sumu. Mvue nguo zilizolowa. Mwoshe kwa maji mengi na sabuni, macho yasafishwe kwa maji yanayotiririka. Usimtapishe. Usimnyweshe maziwa, maziwa hayaui sumu, na baadhi ya dawa huingia mwilini haraka zaidi zikikutana na mafuta. Mkimbize hospitali pamoja na chupa au lebo yake, ili daktari ajue anatibu nini. Kila mwalimu wa zamu ayajue haya kwa moyo.

## Maji: fanya

Peleka maji yakapimwe floraidi. Kuuzunguka Mlima Meru ziko chemchemi na visima vyenye floraidi nyingi kupita kiasi. Meno ya kahawia ya watu wa Maji ya Chai na Ngurdoto hayakutokana na uchafu. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya fizi ndiye anayeharibika zaidi, na akizidishiwa kwa miaka hata mifupa hupinda. Maji ya kijito kimoja yanaweza kuwa mazuri na ya chemchemi ya pili yake kuwa mabaya, kwa hiyo usiamini macho wala ulimi. Pima.

Kinga maji ya paa. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Paa la madarasa mawili likiwa na mfereji mzuri na tangi lenye mfuniko hutoa maji ya kuoshea mboga na kupikia kwa wiki nyingi. Mvua ya kwanza iache ioshe paa, ndipo uelekeze bomba kwenye tangi. Kule Ngurdoto kuna kituo cha serikali kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa. Kamati ya shule iende ijionee.

Tandaza majani makavu ya migomba. Yanatunza unyevu na kupunguza safari za maji. Kabla watoto hawajainama, mtu mzima ayapekue kwa fimbo. Nyoka nao wanapenda matandazo.

## Maji: usifanye

Usidhani kuchemsha kunaondoa floraidi. Kunaua vijidudu tu. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki ile ile na kukolea.

Usimbebeshe mtoto dumu la lita 20. Ni kilo 20. Mtoto wa darasa la tatu mwenyewe ana kilo ishirini na kitu. Mpe la lita tatu au tano, na umbali uwe mfupi. Kama bustani haiwezi kuishi bila madumu ya maji vichwani mwa watoto, basi ni kubwa mno au iko mahali pabaya.

Usiwape wasichana maji na wavulana jembe. Mwenye maji ndiye anayetoka mapema, anayelowa, na anayekosa kipindi cha kwanza. Zamu ni kwa wote, na iandikwe ukutani.

Usiuguse mfereji wa kijiji bila zamu. Mfereji una wenyewe, una wazee wake na siku zake. Watoto wakitumwa kufungua maji ya mtu usiku, watakaochapwa njiani ni wao.

## Mwili wa mtoto: fanya

Hakikisha kila mtoto ana viatu. Kandambili zilizochakaa si viatu vya bustani. Minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya unyayo, hukaa tumboni na kunyonya damu, kisha mnashangaa kwa nini mtoto anasinzia darasani. Asiye na viatu apewe kazi ya kitalu juu ya meza, ya kuandika vibao au ya kuhesabu miche. Asirudishwe nyumbani na asiaibishwe. Kamati inunue jozi chache za buti za mpira za kuazimana.

Mkinge mtoto mwenye ualbino. Jua la mwinuko huu linachoma, na saratani ya ngozi inawaua vijana wenye ualbino nchi hii kabla hawajazeeka. Afanye kazi mapema asubuhi au kivulini, akiwa na kofia pana na mikono mirefu. Hospitali ya KCMC, Moshi, inatengeneza mafuta ya kukinga jua mahususi kwao. Uliza yanapatikana vipi kwenu. Mwalimu anayemsimamisha mtoto huyu juani saa sita ili asionekane anapendelewa anamdhuru kwa makusudi.

Mwingize mtoto mwenye ulemavu. Chuo cha Patandi, jirani zetu, kinafundisha walimu wa elimu maalumu, halafu shule za hapa zinawaacha watoto wa viti vya magurudumu chini ya mti wakilinda mabegi. Panda kwenye viroba vilivyoinuliwa mpaka usawa wa goti la mtoto aliyekaa. Mtoto asiyeona anatambua mche wa kitunguu kwa harufu na jani la ngogwe kwa kulipapasa, upesi kuliko nyie.

Nunua majembe madogo. Mpini mrefu kuliko mtoto humpiga mwenzake wa nyuma. Watoto wasimame mikono miwili mbali, na majembe yahesabiwe kabla na baada.

## Mwili wa mtoto: usifanye

Usimpe mtoto samadi mbichi. Ina minyoo, ina vijidudu vya kuharisha, na kidonda kidogo kikikutana na samadi hufungua mlango wa pepopunda. Iozeshwe kwanza kwa miezi, mpaka ipoe na kunukia udongo. Hata hapo, atumie koleo, na anawe kwa sabuni mpaka chini ya kucha.

Usimpe panga wala fyekeo mtoto wa madarasa ya chini. Kufyeka ni kazi ya mlinzi na wazazi. Wala usiwalimishe watoto kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni wakati wa kiangazi.

## Kazi na haki: usifanye

Usimwadhibu mtoto kwa jembe. Aliyechelewa namba, aliyesahau daftari, aliyeongea Kimeru darasani: wote wanapelekwa shamba. Kisha baada ya miaka saba mnamuuliza kwa nini anaudharau ukulima. Mmemfundisha wenyewe kwamba udongo ni mahali pa wakosaji. Nimekutana na watu wazima wenye ardhi nzuri Akheri wasioweza kuinama juu ya tuta bila kukumbuka fimbo.

Usipeleke mboga za watoto nyumbani kwako. Wala kwa mkuu, wala kwa mgeni kutoka wilayani. Watoto wanaona kila fungu linaloondoka na hawasemi, kwa sababu wanakuogopa. Ukitaka mchicha, nunua kama wengine, na fedha iingie daftarini mbele yao.

Usikatize kipindi cha hisabati kwa ajili ya palizi. Bustani ina kipindi chake. Kikiwa hakitoshi, punguza masesa.

## Kazi na haki: fanya

Waachie watoto sehemu ya maamuzi. Mwaka 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shamba liwe sehemu ya masomo, wanafunzi washiriki kupanga na waone faida ya kazi yao. Shule nyingi zilichukua jembe zikaacha kupanga na faida. Rudisheni vilivyoachwa. Kila darasa lichague mboga mbili za sesa lake na litoe sababu. Wakikosea, waacheni wakosee. Hasara ya pakiti moja ya mbegu inabebeka.

Andika kila kitu ubaoni. Tarehe ya kupanda, tarehe ya kuvuna, kilo ngapi, zimekwenda wapi. Ikiuzwa Tengeru, andika bei na kilichonunuliwa kwa fedha hiyo. Watoto wapime wenyewe kwa mizani. Hakuna hesabu ya darasani itakayowakaa kama hiyo.

## Kuvuna na kupika: fanya

Vuna asubuhi, pika siku hiyo hiyo. Majani yaliyokatwa saa moja yakiwa na umande hubaki mabichi mpaka mchana. Yaliyokatwa juani hunyauka kabla ya kufika jikoni, na vitamini hupotea yakilala.

Wafundishe kukata, si kuparura. Mnavu ukatwe juu kidogo ya vifundo viwili vitatu vya chini ili uchipue tena. Loshuu uchumwe majani ya nje, moyo ubaki. Watoto wadogo wachume kwa kidole na kidole. Kisu kimoja, mtoto mkubwa mmoja, mtu mzima pembeni.

Osha kwa maji uliyoyapima, chemsha kidogo, tia mafuta. Maji machache, dakika chache, sufuria ifunikwe. Vitamini A ya mboga za majani haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Kijiko cha alizeti au karanga zilizotwangwa zinatosha. Mpishi apewe mafuta hayo kwenye bajeti, asiambiwe ajitafutie.

## Kuvuna na kupika: usifanye

Usitie magadi. Si kwenye loshuu, si kwenye mnavu, si kwenye maharage ya makande. Najua yanalainisha na kuokoa kuni. Magadi ya maziwa yetu yana floraidi, yaani unamwongezea mtoto kile kile ambacho maji yameshampa kwa wingi, na wakati huo huo unaua vitamini C ya mboga uliyohangaika kuiotesha. Loweka maharage usiku. Yatalainika.

Usiwaache watoto wale matunda mabichi ya mnavu. Yale ya kijani yana solanini, huleta kutapika na kuharisha. Waambie siku ya kwanza, warudie kusema wenyewe.

Usivune bustani nzima kwa ajili ya mgeni. Nimeona masesa yaliyotunzwa muhula mzima yakimalizwa asubuhi moja kupamba meza ya sherehe, watoto wakaimba na kurudi nyumbani mikono mitupu. Mgeni apewe maembe.

Usifunge shule bila orodha ya likizo. Andika majina: familia ipi inamwagilia wiki ipi, na inavuna nini kama malipo yake. Acha mimea kumi ya mchicha iliyo na afya izae mbegu, zikaushwe kivulini, zitiwe kwenye chupa kavu yenye jina na tarehe, na chupa ikae kwenye kabati la darasa, ufunguo ukiwa kwa mkuu na nakala yake kwa mwenyekiti wa kamati.